Wati Mia Sita

Mshale wa kipimo cha wati ulipanda kidogo, ukafika tisini, ukagoma. Fundi akapiga mluzi mwingine kwenye kipaza sauti, mrefu, wa kutoka tumboni, na mshale ukabaki pale pale. Juzi tu amplifaya hii hii, ya kukuza nguvu za redio yake, ilikuwa inatoa wati mia sita bila kunung'unika. Leo, siku aliyoihitaji kuliko siku zote, imeamua kumfanyia vituko.

"Vipi?" Mama akauliza kutoka kitandani.

"Bado kidogo, Mama."

"Bado kidogo ni ngapi?"

Fundi aliinama mezani. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na bado mama yake akiuliza swali la namna ile alihisi amerudishwa darasani bila kaptura.

Kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka kwenye mlango wa chumba cha redio, kichwa cha Mama kikawa hatua mbili tu kutoka mezani. Hiyo ilikuwa amri yake mwenyewe. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani akae na watu wake, na kila mwenye akili anajua maana ya maneno hayo. Dada Mkubwa, mkunga mstaafu aliyeshika mamia ya watoto wakiingia duniani na wazee kadhaa wakitoka, alikaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda. Asubuhi alikuwa amemvuta Fundi, mdogo wake, jikoni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Kama ni la leo, liwe la leo. Kesho usiiwekee mipango."

La leo lilikuwa hili. Mama alitaka kusema na Kitinda.

Kitinda ni mziwanda wao, na jina hilo lilimshika tangu utotoni. Alikuwa mpishi katika kambi ya wapima ardhi, huko jangwani, mahali ambapo lori hufika mara moja kwa mwezi likipenda. Simu yao ya setilaiti ilikuwa imekufa. Kwa bahati mpimaji mkuu alikuwa mtu wa redio za ridhaa, wale wanaosemezana hewani kwa kupenda tu, mwenye kijiredio chake cha betri, na Fundi naye alikuwa na leseni na ugonjwa huo huo tangu ujana. Kwa njia hiyo ndugu hao wawili walikuwa wameanza tena kusikiana baada ya miaka sita.

Miaka sita, kwa sababu Baba alipofariki Kitinda hakuwahi maziko. Lori halikuja. Alifika siku ya nne akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na Mama akamsimamisha mlangoni mbele ya watu na kusema, "Mimi nimezaa watoto wawili. Huyu simjui." Kitinda hata begi hakulitua. Aligeuka na kurudi alikotoka.

Sasa Mama alitaka kulirudisha neno lile. Fundi alikuwa amejitolea kumfikishia ujumbe, akakaripiwa. "Nililisema kwa kinywa changu," Mama alisema, "na nitalitengua kwa kinywa changu. Nami nataka nimsikie akiniitikia. Usimwambie kitu." Basi juzi, wati mia sita zikiwa hewani, Fundi alimwambia mdogo wake jambo moja tu: keshokutwa, kuanzia saa sita mchana, Mama atasema nawe.

"Anataka kunimalizia?" Kitinda aliuliza.

"Mwenyewe atasema. Wewe uwepo."

"Nitakuja redioni nikishawapakulia watu chakula. Sitaondoka hapo."

Kwa umbali ule mawimbi yalipita vizuri kuanzia saa sita mpaka karibu na saa tisa, kisha anga lilijifunga. Na kule kambini jenereta lilitia kelele redioni mchana kutwa, kiasi kwamba redio ya Fundi peke yake, yenye wati mia, ilimezwa na makelele hayo. Walishajaribu wakashindwa. Bila amplifaya, kusema na Kitinda ilikuwa sawa na kusema na kabati.

Saa sita kamili Fundi aliita, akasikiliza dakika moja, akapata mkwaruzo wa hewa mtupu. Hilo halikumshtua, Kitinda bado alikuwa na mwiko mkononi. Kilichomshtua ni kipimo. Tisini. Maana yake mia zinaingia kwenye amplifaya na zinatoka tisini, lidude zima la kilo thelathini halifanyi lolote ila kula umeme na kuvuma.

Akaishusha sauti ya spika ili kelele zisimvuruge, akainuka, akazima ukutani.

Hapo inafaa mtu aelewe utaratibu wa nyumba ile. Amplifaya za valvu zina umeme wa kuua ng'ombe, volti elfu mbili na ushee. Baba yao, aliyekuwa fundi kabla ya Fundi, alifunga swichi moja kubwa ukutani inayokata umeme wa meza nzima, redio na taa na kila kitu, na akaweka sheria: hufungui kasha kabla ya kuzima ukutani. Ukishazima unasubiri, kisha unagusa kwa fimbo yenye ndoana ya shaba iliyofungwa waya wa ardhini, imalize umeme uliobaki ndani, ndipo unaingiza mkono. Mafundi wawili wa mtaani waliodharau utaratibu huo walizikwa mapema. Fundi hakuudharau hata siku moja, na hakuudharau leo.

Alianza na rilei, ile swichi ya ndani inayohamisha mawimbi kutoka kusikiliza kwenda kutuma. Akaisugua midomo ya rilei hiyo kwa karatasi laini, akaipuliza, akafunga skrubu zote kumi na mbili. Akawasha. Akasubiri valvu zipate moto. Mluzi. Tisini. Akazima ukutani.

"Mbona unazima?" Mama aliuliza.

"Nataka kuangalia valvu, Mama."

"Si uliangalia?"

"Niliangalia kingine."

Zile valvu mbili, chupa nene za kioo zenye moto mwekundu ndani, zilikuwa za moto kiasi cha kutoshikika, na ilibidi azisubiri zipoe huku akiitazama saa. Zile za akiba zilikuwa kabatini, zimefungwa kwenye fulana yake ya zamani. Alizichomeka taratibu, akakumbuka kuwa haraka haraka haina baraka, akalitukana neno hilo kimoyomoyo. Haraka haikuwa na baraka, lakini leo polepole nayo ilikuwa na jeneza.

Saa saba na dakika ishirini akawasha. Akasubiri. Safari hii alifunga kitufe cha kipaza kwa mpira kikae kimebonyezwa, redio ikituma bila kupokea, ili mikono yote miwili ibaki huru, mmoja kwenye kila kirungu cha kurekebishia amplifaya. Akapiga mluzi huku akizungusha, akitafuta mahali ambapo mshale ungepanda.

Tisini na mbili.

"Mbwa wewe," aliiambia valvu ya kushoto. "Na wewe mbwa," akaiambia ya kulia, asije akaonekana anapendelea.

Kilikuwepo kitu kimoja ambacho kingemwokoa, na alikiona. Mita ndogo ya amplifaya yenyewe ilionyesha kuwa valvu zinavuta umeme wa kawaida kabisa, kama juzi. Na wala hazikuwa zimewiva kupita kiasi. Sasa kitu kinachokula chakula chote, na hakinenepi, na hakitapiki, chakula hicho kinakwenda wapi? Angekuwa ni mteja ameleta amplifaya ile, Fundi angeuliza swali hilo kabla hajavuta kiti. Lakini hakuuliza, kwa sababu jibu lake lingemlazimisha kukitilia shaka kipimo.

Na kipimo kile hakitiliwi shaka. Alikiunda mwenyewe, kwa mikono yake, akiwa na miaka ishirini na mitatu, Baba akimsimamia begani. Watu wa redio kutoka mbali walileta vipimo vyao vya dukani kuja kuvilinganisha na chake. Alikuwa na msemo wake, aliwaambia wateja wakibisha: "Kipimo cha Fundi hakina ndugu." Nyani haoni kundule.

"Basi ni waya wa antena," alisema kwa sauti. Akazima ukutani, akachukua ngazi.

Juu ya bati jua lilimpiga kisogoni. Alifuata waya kutoka dirishani, kupita juu ya chumba cha Mama, mpaka kwenye mlingoti. Alifungua kiungio, akakikagua, akakifuta kwa shati lake, akakifunga. Kilikuwa safi. Alikaa pale dakika nzima, mtu mzima mwenye mvi amechuchumaa kwenye bati, akalia. Hakulia kwa sababu ya Mama, alikuwa ameshamlilia. Alilia kwa hasira, kwa sababu maisha yake yote aliwatengenezea watu vitu vyao, redio za wachungaji, vipaza vya shule, hadi mashine ya kusikilizia moyo ya zahanati, na hiki kimoja cha nyumbani kwao kimemshinda. Mganga hajigangi. Aliposhuka, Dada Mkubwa alimtazama macho, akarudi kitandani kwa Mama.

Saa nane na dakika tano akawasha tena. Mpira kwenye kitufe, mikono kwenye virungu, mluzi.

Tisini.

"Nipe hicho kipaza," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa imekonda tangu asubuhi. "Nipe niseme hivyo hivyo."

"Mama, hasikii. Nguvu ni ndogo. Utasema na ukuta."

"Nitasema na ukuta. Nimesema na baba yako miaka arobaini."

Dada Mkubwa alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Fundi hakucheka. Alikuwa amepiga hesabu yake: pumzi ya Mama ilikuwa ya mara moja. Akiitumia sasa ikapotea hewani, nguvu zikipatikana saa nane na nusu atakuwa hana cha kusema nacho. Alikuwa anamtunzia.

"Vumilia dakika kumi," alisema, macho kwenye mshale, vidole kwenye virungu. "Kumi tu."

Mama hakuvumilia. Alijiinua kwenye kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nzima, akaita kuelekea mezani kwa sauti aliyowaitia watoto wake watatu zamani, jua likizama na wao bado wako uwanjani.

"Kitinda! Kitinda, mwanangu!"

Sauti ilijaa vyumba viwili. Kisha kiwiko kikateleza.

"Mama, usijichoshe," Fundi alisema bila kugeuka. "Hakuna anayekusikia." Akaona mshale umetikisika kwa sauti ya mama yake, ukafika themanini, ukaanguka. Akafyonza. Akainuka, akazima ukutani, akaichukua fimbo ya shaba.

Alifungua kasha mara ya tatu. Akapima kapasita moja baada ya nyingine. Zote nzima. Akapima transfoma. Nzima. Alianza kutamani akute kitu kimeungua, harufu, alama nyeusi, chochote. Hakuna kinachomtesa fundi kama mashine iliyo nzima na haifanyi kazi. Nyuma yake alisikia Dada Mkubwa akimwita Mama, mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya pili kwa upole, na alijua maana ya upole ule, lakini hakugeuka. Aliendelea kukaza skrubu, kwa sababu skrubu zilikuwa kumi na mbili na zilikuwa na mwisho.

Saa nane na dakika thelathini na tano akawasha. Valvu zikapata moto. Akafunga mpira, akapiga mluzi, na ule mluzi ulitoka vibaya, midomo ilikuwa imekauka. Tisini.

"Hebu acha kwanza hayo," Dada Mkubwa alisema kutoka mlangoni. "Na hiyo taa uniambie ina nini. Tyubulaiti ya juu ya kitanda inamulika yenyewe. Nimeizima swichi, bado inamulika. Inamuumiza Mama macho."

"Inamulika saa ngapi?"

"Kila ukipiga mluzi."

Fundi aligeuka taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu umeanza. Saa sita ile."

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Si wewe ndiye fundi?"

Waya wa antena ulipita juu kabisa ya chumba kile. Wati tisini haziwezi kuwasha taa iliyozimwa. Redio peke yake ilishatuma miaka na miaka na taa haikujua. Ni mia sita, mia sita kamili zinazopita juu ya bati, ndizo zingeweza kuifanya tyubu imulike bila ruhusa ya mtu.

Akapiga mluzi tena, mfupi, akitazama kupitia mlangoni. Juu ya kitanda cha Mama taa iliyozimwa ikamulika nyeupe, ikafa.

Akaelewa yote kwa mpigo. Jana jioni kulikuwa na radi. Kama kila mtu wa redio alichomoa waya wa antena kwenye mashine. Lakini kipimo alikiacha kikining'inia upande wa antena, kwa sababu kipimo hakikuwa mashine kwake, kilikuwa kama sehemu ya mwili wake. Ndani ya kipimo kuna dayodi, kidude kidogo kuliko punje ya mchele. Radi ilikuwa imekibabua, na mshale ukawa unasema uongo. Amplifaya ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima saa sita, saa saba, saa nane. Kila alichokitamka mezani pale mpira ukiwa kwenye kitufe kilikuwa kimefika jangwani, na kila alipomaliza alizima ukutani, akaiua redio pamoja na masikio yake.

Akautoa mpira. Kitufe kikaachia. Kwa mara ya kwanza tangu saa sita, hakuinuka. Akaongeza sauti ya spika.

"...sikia. Kaka, nakusikia vizuri. Tafadhali usizime." Sauti ilikuwa ndogo, mbali, imekwaruzika kabisa. "Kaka, nakusikia. Usizime. Kaka, nakusikia."

Fundi alibonyeza. "Kitinda. Tangu saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Nakusikia unapiga mluzi, unatukana mbwa, nikijibu huitikii. Nikasema labda redio yako inatuma tu, haipokei." Akameza mate, ikasikika. "Nimemsikia na Mama. Aliita. Alisema, Kitinda, mwanangu."

Fundi alikishika kipaza kwa mikono miwili.

"Nimemjibu, Kaka. Nimemjibu mpaka sauti imekwisha. Alinisikia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi, na ungekuwa na huruma. Neno moja tu. Lakini mtu aliyeishi kwa kuwasomea watu vipimo hajui kusoma kingine zaidi ya kilichopo, hata pale kilichopo kikiwa yeye mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nimezima. Kila nikimaliza kujaribu nilikuwa nazima. Kosa ni langu."

Upande wa pili palikuwa na mkwaruzo wa hewa, kisha jenereta, kisha Kitinda. "Basi mpe kipaza sasa."

Fundi alimtazama dada yake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, vidole kwenye kifundo cha mkono wa Mama, akihesabu.

"Hasemi tena," Dada Mkubwa alisema. "Tangu ile kuita."

"Anasikia?"

"Wanasema masikio ndiyo ya mwisho. Fanya upesi."

Aling'oa spika ukutani pamoja na vumbi la plasta. Waya ulikuwa mfupi, ukamfikisha mlangoni barabara, na kwa sababu kichwa cha Mama kilikuwa pale pale ukatosha. Akailaza spika juu ya mto, karibu na sikio. Akapiga magoti na kipaza mkononi.

"Kitinda, sikiliza. Spika iko sikioni kwake. Hawezi kusema. Alikuita. Itikia."

Akaachia kitufe.

"Naam, Mama."

Hakuna aliyesogea.

"Naam, Mama. Ni mimi. Nipo." Sauti ilianza kupanda na kushuka, saa tisa ilikuwa inakaribia na anga linajifunga. "Lori halikuja, Mama. Nilikaa barabarani siku mbili na begi. Sikukataa kuja. Naam. Nakusikia, Mama. Naam."

Dada Mkubwa aliinamisha kichwa. Alibaki hivyo muda, akibadilisha vidole, akitafuta mahali pengine kwenye mkono ule. Kisha akaulaza mkono wa Mama juu ya kifua, akaulainisha, akamtazama mdogo wake na kutikisa kichwa.

Spika ilikuwa bado inasema juu ya mto. "Naam, Mama," na mkwaruzo, na tena, kwa mbali zaidi, "Naam."

Kidole gumba cha Fundi kilikuwa juu ya kitufe. Wati mia sita zilikuwepo, zote, na mdogo wake alikuwa na haki ya kujua. Hakubonyeza. Alimwacha aendelee kumwitikia mama yake mpaka mawimbi yalipokatika.